Saa ya Mchangani

Alifika Tampere Jumanne, ndani ya mfuko wa maji
uliofungwa kwa mpira, ukavikwa gazeti,
ukabebwa kifuani kama yai la mwisho.
Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri;
ziwa limegeuka barabara, watu wanalikanyaga kwa viatu.
Taisto alimdondoshea maji tone kwa tone, saa nzima,
kwa mpira mwembamba kama wa dripu,
mpaka chumvi ya safari na chumvi ya nyumba zikapatana.
Kisha akamwachia.
Samaki aligeuka mara moja (madoa, madoa, jicho),
akaupiga mchanga kichwa
na hakuwapo tena.

Jumatano: mchanga.
Alhamisi: mchanga, na konokono mmoja anayepita kama mkaguzi.
Lugha yetu humsema pono kwa usingizi wake,
na huyu ni wa ukoo huo, binamu wa upande wa mama;
lakini hata pono huamka akala.
Ijumaa Taisto alishika kijiko cha mti.
"Ukimfukua," alisema Orvokki, akivaa koti la kazini,
"utakuwa umemzika wewe."

Orvokki hufua mashuka ya hospitali, zamu ya jioni.
Hurudi na basi la mwisho, vidole vimekunjamana kwa mvuke,
hula mkate mweusi kwa kusimama, gizani,
asimwamshe mtu.
Usiku ule mishale ya saa ilikuwa imelaliana juu ya kumi na mbili.
Kwetu tungesema saa sita, na hakuna jogoo.
Taa ya mtaani ilipenya theluji, ikagusa kioo,
na mchanga ukapiga chafya.

Kichwa. Kinywa kidogo, meno yamechomoza kama ya mtoto.
Kisha yeye mzima, anajikung'uta, anachagua jiwe,
analichungulia kwa jicho moja, kwa jicho la pili,
anadonoa kitu ambacho Orvokki hakukiona.

Alikotoka, mashariki ya mbali, jua lilikuwa linachomoza.
Hakuna aliyemwambia kwamba amehamishwa.
Akaisoma saa ya ukutani kama ilivyoandikwa:
kumi na mbili. Alfajiri. Amka utafute.

Basi wakaanza kumhamisha mara ya pili, polepole.
Taa ya tangi iwake saa sita; kesho yake, sita na nusu;
keshokutwa, saa saba. Taisto aliandika yote
nyuma ya boksi la maziwa, akalibandika kwenye friji, akalala.
Wa kukesha alikuwa Orvokki, na kichupa chake:
vijidudu hai, chembe zinazorukaruka,
chakula cha asiyejua mlo, anayejua kudonoa tu,
mara mia kwa siku, kidogo, kidogo.
Aliuvuta wavu juu ya tangi mpaka pembeni,
maana huyu akishtuka huruka,
na sakafu haina huruma.
Akaketi. Koti halijavuliwa.

Saa nane na nusu. Saa tisa.
Kila usiku yule anachelewa kutoka, kila usiku huyu anangoja zaidi,
hata saa kumi na moja ikamkuta shavu liko kwenye kioo,
na kioo kina joto la bahari.
Siku taa ilipofikishwa saa mbili asubuhi
Taisto aliita kwa sauti ya mvulana:
"Njoo uone! Ana tumbo! Amenenepa!"
Orvokki alikuwa kitandani, amelala,
pono mwenyewe.

Sasa ni Machi. Ziwa bado gumu, ila linaguna usiku.
Samaki ni wa mchana, wa Taisto,
wa mpwa anayekuja Jumapili na kuacha alama za pua kwenye kioo.
Orvokki akirudi hukuta mchanga.
Lakini anaijua pembe: kulia, nyuma ya jiwe lenye tundu,
mchanga umeinuka kidogo
kama goti la mtoto chini ya shuka.
Husimama hapo na mkate wake.
Hawashi taa.
Anatafuna taratibu.